Kifuniko cha Injini cha Faiba Kisicholegea kwa Joto

Kifuniko cha kwanza cha injini nilichotengeneza kwa mikono yangu kilirudi karakana baada ya miezi mitatu, kimebonyea katikati kama sinia iliyokaliwa. Na kweli kilikaliwa: nahodha alikuwa na mazoea ya kukifanya kiti safari nzima. Mwenye boti alikuwa ametaka rangi ya buluu iliyokoza ifanane na ubavu wa boti, nami nikampa. Hakikuungua, hakikupasuka, wala hakikuwa chembamba. Kilikuwa na tabaka nne za mati, yaani mkeka wa nyuzi fupi za kioo zisizofumwa. Nilikigonga kwa kifundo cha kidole, kikalia kigumu kabisa. Nikakata kipande pembeni, nikakitumbukiza kwenye maji yaliyokuwa yakichemkia chai. Baada ya dakika moja nilikitoa kwa koleo, nikakipinda kwa vidole viwili vya glavu. Kilipopoa kikabaki vilevile kilivyopinda.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa nauza vitu vya faiba bila kujua vinalegea kwenye joto gani. Mwongozo huu ni wa kifuniko cha injini ya dizeli iliyokaa ndani ya boti, lakini hatua zake zinafaa pia kwa boneti ya gari, paa la bajaji, tangi la maji ya moto, au kitu kingine chochote cha faiba kitakachokaa karibu na joto.

Kwanza ujue nani anayeshindwa

Faiba yenyewe mara nyingi haina kosa. Kioo kinachotumika kwenye mati na vitambaa vyetu huanza kulainika kwenye nyuzijoto 840 hivi. Kaboni huvumilia zaidi ya hapo mahali pasipo na hewa. Penye hewa huanza kuliwa taratibu kuanzia nyuzijoto 400 hadi 500. Aramidi, ile ya manjano ya fulana za kuzuia risasi, haiyeyuki. Huoza kwa joto baada ya kupita 400. Mkonge wa Tanga, ambao siku hizi watu wanaujaribu kwenye kompoziti, yaani faiba iliyoshikwa kwa gundi, ndio dhaifu kidogo: ukifika 200 unaanza kuharibika. Lakini hata huo mkonge unaishinda gundi iliyoushika.

Gundi hiyo ndiyo rezini. Poliesta, vinili esta na epoksi zikishaganda haziyeyuki tena kama ndoo ya plastiki. Hulegea. Kila moja ina joto lake ambalo likifikiwa hutoka kwenye ugumu wa kioo na kuwa kama soli ya kiatu, na faiba iliyomo ndani inabaki haina wa kuishikilia isipinde. Ikipoa huwa ngumu tena, katika umbo lolote itakalokutwa nalo. Kuungua ni jambo jingine, huja mbali huko, kwenye nyuzijoto 250 au 300 na kuendelea. Kifuniko changu hakikukaribia hata kidogo kuungua. Kililegea tu, na mzigo ulikuwa juu yake.

Hatua ya 1: Pima joto, tena kwa wakati wake

Usiulize fundi wa injini "huwa inapata moto kiasi gani?" Atakujibu "kawaida tu". Nunua kipimajoto cha kuelekeza, kile cha mwale mwekundu, kisha uende ukapime mwenyewe boti ikiwa imetoka safari ndefu.

Hapa wengi hukosea mambo mawili. La kwanza, kipimajoto hicho hudanganywa na chuma kinachong'aa. Bomba la chuma cha pua linaweza kusoma 50 huku ukiligusa linakubabua. Bandika kipande cha utepe wa karatasi wa wapaka rangi, au paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa, kisha upime juu ya doa. La pili ni wakati. Injini ikizimwa, maji ya kupoza yanasimama, lakini chuma bado kimejaa joto, nalo linapanda juu kwenye kifuniko. Kwa hiyo kipimo kikubwa kabisa hukipati injini ikiwa inanguruma. Unakipata dakika 10 hadi 15 baada ya kuzimwa, kifuniko kikiwa kimefungwa. Kwenye boti ile yangu nilipata 57 tukiwa njiani na 71 tulipokuwa tumeshatia nanga.

Pima upande wa juu pia, juani saa nane mchana. Rangi nyeupe na buluu iliyokoza hazipati moto sawa. Kitu cheusi kilicholala juani katika pwani yetu kupita nyuzijoto 70 si ajabu, wakati cheupe kilicho kando yake kinaweza kuwa chini yake kwa 20 na zaidi. Kifuniko changu kilikuwa kinapikwa pande zote mbili.

Andika namba kubwa kuliko zote uliyoiona, kisha uongeze 25. Kuongeza huku sikukubuni: kwenye ndege, kanuni iliyozoeleka ni kuacha pengo la nyuzijoto 28 kati ya joto la kazi na joto la kulegea la kompoziti ambayo imeshanyonya unyevu. Unyevu una maana yake hapo. Maji yakiingia ndani ya rezini huilainisha, na epoksi iliyoshiba maji inaweza kulegea nyuzijoto 20 au zaidi kabla ya ile kavu. Chini ya kifuniko cha injini ya boti kuna mvuke, chumvi na maji ya ngama mwaka mzima. Kwangu mimi hesabu ilikuwa 71 na 25, yaani 96.

Hatua ya 2: Chagua rezini kwa namba yako

Kila rezini halali ina karatasi ya maelezo, na kwenye karatasi kuna mstari wa joto la kupinda, yaani joto ambalo kipande cha rezini tupu kikiwekewa mzigo maalumu huanza kuinama. Muuzaji akikosa karatasi, nunua kwingine.

Poliesta ya kawaida, ile ya bei nafuu inayojaa madukani, huwa kati ya nyuzijoto 55 na 75. Ndiyo niliyokuwa nimetumia, na ukilinganisha na 71 yangu huhitaji kuwa mhandisi kuona kilichotokea. Poliesta ya daraja la juu, inayoitwa isofthaliki, hufika 90 na kupita kidogo. Vinili esta ya kawaida huwa kama 100 hadi 105. Ile ya novolaki hufika 145 au 150, na hiyo ndiyo hujengewa mabomba ya moshi na matangi ya kemikali za moto viwandani.

Epoksi ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu ina sifa ya ubora. Ni kweli ina nguvu na inashika vizuri, lakini epoksi ya makopo mawili inayoganda yenyewe bila kuokwa hulegea kwenye 50 au 60 tu. Epoksi za ndege zinazofika 180 na zaidi huokwa kwenye tanuri la shinikizo kwa saa kadhaa. Jina ni moja, uwezo ni tofauti kabisa.

Mimi hutumia vinili esta kwa vifuniko vya injini. Ni ghali kuliko poliesta, na haikai sana dukani, hasa kwenye joto letu, kwa hiyo soma tarehe kwenye pipa kabla ya kulipa. Rezini iliyoanza kuwa nzito kama asali isikushawishi kwa punguzo la bei.

Hatua ya 3: Changanya bila kubahatisha

Kabla ya yote, usalama. Kama rezini yako haijatiwa kobalti, ile dawa ya kuharakisha kuganda, kiwandani na unaitia mwenyewe, changanya kobalti kwenye rezini kwanza, koroga hadi iishe kuonekana, ndipo utie hadna, yaani dawa ya kuigandisha. Kobalti na hadna zisikutane zenyewe kwa zenyewe hata tone, hulipuka. Vaa miwani pia, kwa sababu hadna ikiingia jichoni inaweza kuchukua jicho.

Sasa kipimo. Hadna huenda asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini, kadiri karatasi inavyosema. Kwa kilo 1 ni kama mililita 10 hadi 20, pima kwa bomba la sindano. Tatizo letu la pwani ni joto: fundi anaona rezini inamgandia ndooni kabla hajamaliza, basi anapunguza hadna hadi nusu ya asilimia, na kazi inakwenda kwa raha. Kitu kinaganda, kinang'aa, mteja anakichukua. Lakini hakijaiva, na namba ya kwenye karatasi hakitaifikia kamwe. Joto likikusumbua, anza kazi alfajiri, changanya kidogokidogo, au mwombe muuzaji rezini inayochelewa kuganda.

Vilevile usiizimue kwa asitoni wala thina ili ipite kwenye brashi. Asitoni hufungiwa ndani, na kazi yake humo ni kulainisha.

Hatua ya 4: Panga tabaka

Hapa sitakaa sana, kila fundi ana mkono wake. Mambo matatu tu yanahusu joto.

Tumia kitambaa kilichofumwa pamoja na mati, usitumie mati peke yake. Mati iliyolazwa kwa mkono hubeba kioo kama asilimia 30 ya uzito, nyingine ni rezini. Kitambaa kinafika 45 au 50. Kadiri kioo kinavyozidi, ndivyo rezini inavyobakiwa na kazi ndogo siku ya joto. Na kama unatumia epoksi, achana na mati ya kawaida: gundi inayoshika nyuzi zake imetengenezwa iyeyuke kwa staireni iliyomo kwenye poliesta na vinili esta, na kwenye epoksi staireni hiyo haimo, kwa hiyo mati itabaki ngumu na kukataa kulala.

Jambo la pili ni moyo wa katikati. Povu la PVC linalowekwa kati ya tabaka ili kupata unene bila uzito huanza kuchoka kwenye nyuzijoto 70 hivi. Unaweza kununua rezini ya 105 kisha ukaweka ndani yake povu la 70, na kifuniko kikavimba kama andazi. Mimi huweka mbavu za mbao au plaiwudi upande wa chini, zikafunikwa na faiba kabisa. Polistairini, lile povu jeupe la kufungia televisheni, usiliguse. Staireni huliyeyusha mbele ya macho yako.

La tatu ni rangi. Weka gelikoti nyeupe, lile tabaka la nje la rezini yenye rangi, na mteja aking'ang'ania buluu mwonyeshe kipimajoto juani.

Hatua ya 5: Oka

Hatua hii ndiyo inayorukwa karibu na kila karakana niliyotembelea, na ndiyo inayotenganisha namba ya karatasi na kifuniko chako. Ile 105 ya vinili esta ilipimwa kwenye kipande kilichookwa. Kisipookwa, kinaganda hadi mahali fulani kisha minyororo ya rezini inakosa nafasi ya kusogea na kufungana zaidi; inasimama hapo. Ukiipasha moto inapata nafasi tena. Kwa epoksi ni vivyo hivyo: joto la kulegea hupita kidogo tu joto ililoganda nalo, kwa hiyo epoksi iliyogandia kivulini kwa 30 haiwezi kukuahidi 90.

Acha kitu kwenye kalibu saa 24 kwanza. Kisha uoke kwa ratiba ya karatasi; kama karatasi iko kimya, saa 16 kwa nyuzijoto 40 au saa 3 kwa 80 ndivyo vipimo vinavyotumika sana kwa poliesta na vinili esta. Panda taratibu, nyuzijoto 10 kwa saa, na ushuke vivyo hivyo. Usikitoe kwenye kalibu, au ukitoe lakini ukiegemeze kila upande, kwa maana ndani ya tanuri kitalegea kwanza kabla ya kukomaa.

Tanuri langu ni kasha la plaiwudi lililopigwa karatasi ya alumini kwa ndani, lenye hita ya feni iliyowekwa nje na bomba la bati la kuingizia hewa ya moto, tundu la kutolea mvuke, na vipimajoto viwili: kimoja juu, kimoja chini. Tofauti ya juu na chini ilinishangaza siku ya kwanza, ilikuwa nyuzijoto 22. Nikaongeza feni ndogo ya kuzungusha hewa ikashuka hadi 6.

Jiko la mkaa ndani ya kasha, hapana. Mvuke wa staireni hushika moto kwa cheche kuanzia nyuzijoto 31, ambayo ni mchana wa kawaida Dar es Salaam.

Jua nalo linasaidia. Kitu kikifunikwa kwa nailoni nyeusi juu ya mabati, mwezi Februari nimepima 61 saa saba na nusu. Siku tatu za namna hiyo ni mwanzo mzuri, hasa kwa isofthaliki, ila kwa vinili esta malizia kwenye kasha. Kuna mafundi watakuambia usijisumbue, injini itamalizia kuoka. Ni kweli, itaoka. Itaoka nahodha akiwa amekaa juu.

Hatua ya 6: Jaribio la sufuria

Kila mara unapochanganya rezini ya kifuniko, mimina kidogo kwenye kijikalibu upate kipande cha rezini tupu, bila faiba: upana milimita 25, unene 4, urefu 200. Kioke pamoja na kifuniko, ndani ya kasha lilelile.

Tafuta sufuria ndefu. Tengeneza vishikizo viwili vya chuma vilivyoachana milimita 150, laza kipande juu yake kama daraja, na katikati uning'inize boliti au nati zenye uzito wa gramu 380. Sikuokota namba hiyo hewani. Kwa vipimo hivyo gramu 330 hivi huzaa mkazo wa megapaskali 1.8, ambao ndio hutumika kwenye jaribio la maabara la ISO 75. Zile 50 zilizobaki ni fidia, kwa sababu maji hubeba sehemu ya uzito wa chuma. Jaza maji yafunike vyote. Washa moto mdogo, joto lipande nyuzijoto 2 kwa dakika, kipimajoto kikiwa ndani ya maji karibu na kipande.

Kisha tazama, usiondoke. Poliesta isiyookwa huanza kuinama ukiwa bado unaweza kuingiza kidole kwa sekunde moja. Kile kipande cha kwanza nilichojaribu hivi kilianza kwenye 58. Nilikuwa nakikodolea macho nikidhani ni mawimbi ya maji, mara boliti ikagonga chini ya sufuria. Vinili esta niliyooka vizuri ilifika maji yakichemka, ikakaa humo nusu saa, ikashuka kwa upana wa ukucha tu.

Kama unafanyia jaribio hili bara, kumbuka maji hayachemki kwenye 100 kila mahali. Nairobi huchemka kwenye 94 hivi. Ukihitaji namba inayopita hapo, peleka kipande maabara.

Kipande kikifeli, usikipe kifuniko nafasi ya pili kwa matumaini. Rudisha vyote kwenye kasha uoke tena kwa joto la juu zaidi, ujaribu kingine. Kikifeli mara ya pili basi kosa lilikuwa kwenye mchanganyiko.

Hatua ya 7: Funga kwa akili

Faiba haipitishi joto kama chuma. Joto la upande mmoja hukwama palepale na kuchoma sehemu moja huku upande wa pili ukiwa baridi, kwa hiyo usidanganywe na mkono ulioweka juu ya kifuniko. Mahali bomba la moshi linapokaribia, acha nafasi ya hewa, kisha upande wa ndani bandika sufi ya kioo yenye uso wa alumini, na bomba lenyewe livishwe kitambaa cha kuzuia joto.

Matundu ya boliti yatoboe mapana kidogo kuliko boliti. Faiba ya mati hutanuka zaidi ya mara mbili ya chuma; kifuniko cha mita 1 kikipanda nyuzijoto 50 kinakuwa kimerefuka milimita 1.4, na fremu ya chuma milimita 0.6. Hizo 0.8 zikikosa pa kwenda, utaona nyufa za gelikoti zikitoka kwenye kila boliti kama miale ya jua.

Moto ni habari nyingine

Wateja huniuliza, "Hii sasa haishiki moto?" Inashika. Kuhimili joto na kuhimili moto si kitu kimoja. Vinili esta ya 105 ikiguswa na mwali huwaka kwa moshi mweusi. Kuna rezini zilizotiwa unga wa haidroksaidi ya alumini, ambao ukipita nyuzijoto 200 hutoa maji na kupunguza moto, lakini unga huo haupandishi joto la kulegea. Kuna rezini za fenoliki zenye moshi mdogo, ndizo zinazowekwa ndani ya ndege, ila kuzifanyia kazi karakanani ni shughuli.

Tarehe 12 Julai 2013 ndege ya Boeing 787 ya Ethiopian Airlines ilishika moto ikiwa imeegeshwa Heathrow, London, bila abiria. Chanzo kilikuwa betri ya lithiamu ya kifaa cha dharura, lakini moto uliendelea kujilisha rezini ya ngozi ya kaboni ya paa la nyuma. Ikiwa ndege yenye rezini bora kuliko yetu zote ilifanya hivyo, basi kwenye boti weka kizima moto karibu na injini na usikitegemee kifuniko.

Na kama boti yako ina bomba la moshi la kupozwa na maji ya bahari, lenye chungu cha faiba cha kupunguza sauti, weka king'ora cha joto kwenye bomba hilo. Siku mapezi ya raba ya pampu ya maji yatakapokatika, au mfuko wa nailoni utakapoziba tundu la kunyonyea, moshi mkavu wa dizeli unaweza kufika nyuzijoto 400, na hakuna rezini niliyoitaja hapa itakayoustahimili. Kwenye boti ile ya buluu tuliweka king'ora pamoja na kifuniko kipya cheupe. Nahodha bado anakikalia. Kila mwisho wa mwezi naweka rula ya chuma juu yake kutoka pembe hadi pembe, nikaangalia kama mwanga unapita chini.